«Nimetuma kama nilivyopokea»



Kuna sentensi moja inayozunguka katika simu za Fizi na Baraka kuliko nyimbo za kwaya zetu: «Nimetuma kama nilivyopokea.» Huandikwa chini ya picha ya maiti, chini ya ujumbe wa sauti wa mtu asiyejitaja jina, chini ya habari kwamba kijiji fulani kimechomwa na watu wa kabila fulani. Mwenye kuiandika hudhani amekwisha kunawa mikono. Pilato naye aliomba maji. Sisi walei tunasema waziwazi kwamba sentensi hiyo ni ya uongo hata pale habari iliyo juu yake ni ya kweli, kwa sababu hakuna atumaye kama alivyopokea. Alipopokea alikuwa msikilizaji. Alipotuma amekuwa shahidi. Na amri ya nane haikuwekwa kwa ajili ya wenye mitambo ya kuchapa magazeti, ambayo haikuwapo pale mlimani Sinai. Iliwekwa kwa ajili ya shahidi.

Watakaotujibu tunawajua, na jibu lao la kwanza lina haki. Watauliza: bila simu hizi, nani angejua kwamba Fizi inalia? Ni kweli. Magazeti ya Kinshasa hayafiki huku. Radio Okapi, inayosikika tangu mwaka 2002, haiwezi kuwa na mwandishi katika kila kijiji cha Ngandja na Lulenge. Vijana wanaojiita waandishi wa mtandaoni, wenye simu moja na betri iliyochajiwa kwa jua dukani kwa mtu, wamefichua mambo ambayo wakubwa walitaka yanyamaziwe: kodi za vizuizi vya barabarani, wasichana waliotekwa njiani kwenda shamba, askari wasiolipwa wanaojilipa kwa mbuzi za raia. Hatutawarushia mawe.

Wala hatutaungana na wanaotaka mtandao ufungwe. Walei Wakatoliki wa nchi hii wana sababu ya kukumbuka. Tarehe 31 Desemba 2017 Kamati ya Uratibu ya Walei iliwaita waamini waandamane baada ya Misa ili makubaliano ya Mtakatifu Sylvester yaheshimiwe. Mtandao ukazimwa, na mabomu ya machozi yakaingia hata makanisani Kinshasa. Ulizimwa tena kwa maandamano ya Januari na ya Februari 2018. Kisha, kuanzia tarehe 31 Desemba 2018, ulizimwa karibu siku ishirini, wakati kura za taifa zikihesabiwa. Kila mara sababu iliyotolewa ilikuwa amani na uvumi. Lakini uvumi hauhitaji mtandao. Unatembea kwa miguu, unapanda pikipiki, unavuka ziwa kwa mtumbwi. Kinachozimwa ni ushahidi. Hata sheria ya mambo ya kidijitali ya Machi 2023, inayomwadhibu anayeeneza habari za uongo, tumeona jinsi ilivyoanza kutumiwa: mwandishi Stanis Bujakera alikaa gerezani Makala zaidi ya miezi sita, tangu Septemba 2023, kwa makala ambayo haikubeba jina lake. Kwa hiyo mtu asitudhanie kwamba tunamwita polisi. Tunasema na waliobatizwa.

Tukumbushane mwaka 2020. Tarehe 28 Septemba, Waziri Azarias Ruberwa alisimamia sherehe ya kumsimika mkuu wa komini ya Minembwe. Tarehe 8 Oktoba Rais Tshisekedi, akiwa Goma, alitangaza kwamba hatua hiyo imefutwa. Ni siku kumi. Suala la ardhi na utawala wa milimani ni suala la kweli, na raia ana haki ya kulitetea au kulipinga. Dekreti iliyoitaja komini ile ilikuwapo tangu mwaka 2013, na haikuwa siri. Je, ni wangapi kati ya wale waliojaza makundi ya WhatsApp katika siku zile kumi walioitafuta na kuisoma? Jambo la sheria liligeuzwa kuwa jambo la pua na urefu wa mtu. Kilichoulizwa hakikuwa tena «nani atatawala Minembwe?» bali «nani ni mtu wa hapa?», na aliyeuliza hivyo kutoka Ulaya au Marekani, mahali penye umeme usiokatika, alisikilizwa kuliko katekista aliyekuwa akiishi kilomita chache kutoka pale jambo lilipotokea.

Halafu Lweba. Tarehe 9 Desemba 2021, hapo Lweba, ndani ya teritwari yetu ya Fizi, umati ulimuua afisa wa FARDC, Munyamulenge, askari wa jeshi la taifa lake, na mwili wake ukachomwa moto. Simu zilikuwapo. Tuliangalie jambo hili bila kulipitia haraka: kulikuwa na mkono ulioshika simu na kuielekeza kwa mtu anayekufa. Mkono huo ungeweza kufanya jambo jingine. Na picha zile hazikubaki Lweba. Wako waliozituma kwa kushangilia, wako waliozituma kwa kuapa kisasi, na wote wawili walizituma wakiamini wanatumikia ukweli. Mama wa marehemu, kama angali hai, anaweza kukutana na kifo cha mwanawe siku yoyote, kwenye simu yoyote, kati ya tangazo la mazishi na salamu za asubuhi. Sisi Wakatoliki tunaofundishwa kuuzika mwili kwa heshima, kuunyunyizia maji ya baraka na kuufukizia ubani, tunauachaje mwili wa mtu uzungukezungwe namna hiyo bila kaburi? Watu wa milimani nao wana picha zao, na wafu wao ni kweli wamekufa, kama wafu wa Babembe, wa Bafuliru na wa Banyindu walivyokufa kweli. Kila upande unahifadhi maiti zake kwenye simu kama mtu anavyohifadhi risasi.

Kuna anayedhani ugonjwa huu ulikuja na simu. Nchi hii ya Fizi inajua vinginevyo. Tarehe 28 Novemba 1964 waasi Wasimba walifika misheni ya Baraka. Bruda Vittorio Faccin aliuawa. Padri Luigi Carrara, aliyekuwa akiungamisha, alikataa kupanda gari la wauaji, akafa kando ya mwenzake. Usiku uleule, huko Fizi, waliuawa Padri Giovanni Didonè na Padri Albert Joubert. Uasi ule ulikuwa na sababu nyingi, na dhuluma iliyouzaa haikuwa ndoto. Lakini miaka ile, katika sehemu nyingi zilizoshikwa na waasi, wamisionari walishukiwa kuficha mitambo ya redio na kuziita ndege za serikali. Tuhuma hiyo ilipita mdomo kwa mdomo, bila mega hata moja. Kila aliyeipitisha angeweza kusema kwamba ameisema kama alivyoisikia.

Tulikuwa na furaha kubwa tarehe 18 Agosti 2024, Kadinali Fridolin Ambongo alipowatangaza hao wanne kuwa Wenye Heri, hapo Uvira. Picha za siku ile zilijaa simu zetu, na ilikuwa vema. Ila tujiulize tulichokishangilia. Padri Joubert alikuwa mtoto wa Kapteni Joubert, Mfaransa, na wa Agnès, mama Mwafrika. Alizaliwa mwaka 1908 kwenye ufuko huuhuu wa Tanganyika, upande wa kusini. Hao wanaopima damu ya watu mtandaoni, wanaojua kwa kuitazama picha tu nani ni mwananchi na nani ni mgeni, wangemweka upande gani? Lugha yetu inawaita watu kama yeye mashahidi. Ni neno lilelile la mahakamani, na lilelile la amri ya nane. Yeye alishuhudia kwa damu yake mwenyewe. Mwenye kusambaza hushuhudia kwa damu ya mtu mwingine, na kwa gharama ya mega kidogo.

Tuseme neno pia na waandishi wa mtandaoni walio wana wa Kanisa. Tunajua hamlipwi. Tunajua mnaandika hafla ya mheshimiwa kwa sababu kuna bahasha ya usafiri, na kwamba kichwa cha habari chenye neno «mauaji ya kinyama» husomwa kuliko kichwa kinachotaja idadi, mahali na aliyeona. Umaskini unaeleza mengi. Hauelezi kwa nini mwandishi aliyeko Baraka atangaze vita vya milimani kabla hajampigia mtu hata mmoja aliyeko huko, tena katika saa ambayo mitumbwi inajazwa watu wanaokimbia kwa sababu ya alichokiandika. Papa Fransisko, katika ujumbe wake wa Siku ya Mawasiliano Ulimwenguni ya mwaka 2018, alimtaja nyoka wa bustani ya Edeni kuwa mwanzilishi wa habari za uongo. Msomaji wa kitabu cha Mwanzo atakumbuka kwamba nyoka hakuanza kwa uongo mtupu. Alianza kwa swali lililokuza kidogo katazo la Mungu. Alichukua jambo lililosemwa kweli, akalivuta kidogo tu. Ndivyo vinavyotengenezwa vichwa vya habari.

Basi tunadai nini? Katika makundi ya WhatsApp ya mashirika yetu, ya kwaya na ya vyama vya kitume, maiti isiwekwe. Sauti isiyo na jina isipite. Anayeleta habari ya mapigano aseme kijiji, siku, na nani aliyeona kwa macho. Akishindwa, viongozi wa shirika waiondoe bila kuogopa kuitwa wasaliti wa kabila, kwa maana ndilo jina watakalopewa.

La mwisho ndilo gumu, nalo si letu, ni la Kanisa. Katekisimu inafundisha kwamba kosa dhidi ya ukweli linadai malipizi, hata kama aliyekosa amekwisha kusamehewa. Aliyeiba mbuzi hatoki katika kiti cha kitubio na mbuzi yuko zizini mwake. Aliyetuma uongo juu ya kijiji cha watu anadaiwa vivyo hivyo: arudi katika kundi lilelile, kwa sauti yake mwenyewe na jina lake, aseme kwamba habari ile haikuwa kweli. Haitoshi kuufuta ujumbe kimya kimya. Na kama waliousikia walikuwa watu mia mbili, anawadai masikio hao mia mbili, mmoja mmoja, pamoja na yule wa kambi ya Nyarugusu aliyekwisha kumpelekea ndugu yake Marekani.