BUSTANI YETU: Kikanda kinapolala



Kipwa kimefika, baridi ya asubuhi inauma, dembo zimekauka na kikanda kinalala udongoni. Swali mnalotuletea limekuja wakati wake: je, tunaweza kukipanda katika lupango? Tunaweza, ila si kama muhogo.

Kikanda ni ua. Yale maua ya porini, ya manjano, ya waridi na meupe, yanayosimama katika majani wakati wa mvua, ni ya jamaa ya okide. Chini ya kila shina kuna viazi viwili: cha zamani, laini na chenye makunyanzi, na kipya, kigumu, chenye chakula cha mwaka ujao. Sisi tunachukua kipi? Kile kigumu, kwa sababu ndicho chenye unga. Ua la mwaka ujao limekwenda kwenye kinu. Na mbegu zake ni kama vumbi, hazina akiba yoyote ndani. Haziwezi kuota mpaka zikutane na kuvu fulani wa udongoni anayezilisha. Kuzimwaga kwenye tuta la mboga ni kazi bure.

Kwa hiyo tunahamisha kiazi pamoja na udongo wake. Wakati wa maua, weka kijiti cha alama. Kipwa kikifika hakuna jani litakalokuonyesha mahali. Chimba sasa, bonge zima, bila kulipukuta. Chagua hasa pale panapokwenda kulimwa au kujengwa, maana hapo kikanda kitakufa hata usipokigusa. Kipande kwa kina kilekile, penye jua na panaposhika unyevu wakati wa mvua. Usitie majivu wala mbolea ya kuku. Usimwagilie mpaka mvua za kwanza: kikilowa katika baridi kinaoza. Mwaka wa kwanza pengine utaona majani tu.

Lupango haitalisha soko, tusidanganyane. Wenzetu wa Zambia wamechimba sana, hata wachuuzi wakaanza kutafuta kikanda mbali, katika milima ya kusini mwa Tanzania. Huko uwanda wa Kitulo, wenyeji wanauita Bustani ya Mungu, ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na okide zilikuwa moja ya sababu.

Basi mnaochimba katika dembo, acheni mashina kadhaa kila mahali mpaka vikonyo vya mbegu vipasuke vyenyewe. Mnaonunua, punguzeni unga kidogo na kuongeza karanga zilizotwangwa. Msiuondoe wote, kwa sababu unga wa kikanda ndio unaogandisha chungu. Bila huo mtakata supu kwa kisu! Mwenye kipimo kizuri atuletee, tutakiandika hapa juma lijalo.