Mafuta Hununua Bunduki Upesi Kuliko Matofali



Neno "mafuta" hubeba maana nyingi, nanyi mmekwisha kukutana nazo: mafuta ya kula, mafuta ya taa, mafuta ya kupaka, mafuta ya gari, mafuta ghafi. Mama wa Nakivale akisema mafuta yamekwisha, anazungumzia chupa ya jikoni. Dereva wa lori katika barabara ya Masaka, hapa Mbarara, anazungumzia dizeli. Leo nataka tuzungumzie mafuta ghafi, na dhana moja ninayoisikia mara kwa mara: kwamba nchi iliyobomolewa na vita, ikiwa na mafuta chini ya ardhi yake, haitapata taabu kujijenga upya. Mimi siikubali.

Tuanzie hapa hapa. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliivamia Kagera. Tanzania ikayarudisha nyuma, ikayafuata, na Februari 1979 Masaka na Mbarara zikatwaliwa na majengo mengi ya miji hiyo yakaangushwa. Libya ya Muammar Gaddafi ilimpelekea Amin silaha na askari. Libya haikupakana na Uganda, wala haikuwa na ugomvi na mkulima wa migomba wa Kagera. Ilikuwa na fedha za mafuta, na fedha hizo zilitosha kuifikisha katika vita vya watu wengine. Upande wa pili, Tanzania ilikuwa mnunuzi. Mapinduzi ya Iran ya mwaka huohuo yalipandisha bei ya mafuta duniani, wakati ambapo gharama ya vita ilikwisha kukadiriwa kufikia dola milioni 500. Mwalimu Nyerere aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Wazee wanaokumbuka watakuambia mikanda ilifungwa kwa muda mrefu zaidi ya hapo.

Na Mbarara ilijengwa na nini? Haikujengwa na mafuta. Ilijengwa na maziwa, ndizi, kahawa, ng'ombe, misaada ya kigeni, na subira. Mwaka 1989 ikapata Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia. Ulikuwa ujenzi wa polepole mno, na serikali zilizopita zilimnyonya mkulima wa kahawa bila haya. Lakini hata anayemnyonya mkulima anamhitaji. Kahawa haichumwi katika kijiji ambacho watu wamekimbia, wala maziwa hayafiki mjini pasipo barabara. Mtawala anayeishi kwa kahawa ana sababu, hata kama ni ya ubinafsi, ya kutaka watu warudi makwao.

Mafuta hayana sharti hilo. Kisima kinahitaji mafundi wachache, wengi wao wageni, pamoja na uzio, askari na bomba la kuyafikisha bandarini. Fedha huingia katika akaunti moja, na anayeushika mji mkuu huishika akaunti hiyo, vijiji viwe na watu au visiwe nao. Ndiyo maana mafuta hugharimia vita kwa wepesi kuliko yanavyogharimia ujenzi. Kununua bunduki kunahitaji sahihi ya mtu mmoja. Kujenga shule kunahitaji mhandisi, fundi mwashi, mwalimu, mkaguzi wa hesabu na mzazi wa kuuliza bati zimekwenda wapi.

Tazameni Sudan Kusini. Ilipopata uhuru Julai 2011, ilitoa mapipa yapatayo 350,000 kwa siku, na takriban asilimia 98 ya mapato ya serikali yalitokana na mafuta. Januari 2012 ilifunga visima vyake kwa sababu ya mzozo na Khartoum kuhusu ada ya bomba. Desemba 2013 viongozi wake wakaanza kupigana wao kwa wao. Bentiu na Malakal zilitekwa na kutekwa tena. Vijiji vilibaki vitupu, lakini mafuta hayakukoma kutoka, ingawa yalipungua. Hata mapipa ambayo hayajachimbwa yaliuzwa kwa mkopo. Kufikia Agosti 2017, wakimbizi wa nchi hiyo waliopokelewa Uganda walikuwa wamefika milioni moja, wengi wao kaskazini, Bidibidi na kwingineko.

Kisha amani ikaja. Mkataba wa Septemba 2018 una sura nzima, ya nne, kuhusu usimamizi wa rasilimali na fedha. Vyeo viligawanywa, rais mmoja na makamu watano, huku sura ya nne ikiburuta miguu. Sheria ya 2013 inasema asilimia 2 ya mapato ya mafuta iende kwa majimbo yanayoyazalisha na asilimia 3 kwa jamii zinazoishi huko. Ukawekwa pia mpango wa kubadilisha mafuta kwa barabara. Mnamo Septemba 2025, tume ya Umoja wa Mataifa ya haki za binadamu ilieleza kwamba kati ya dola bilioni 2.2 zilizopitia mpango huo kuanzia 2021 hadi 2024, bilioni 1.7 hazikuonekana katika barabara yoyote.

Mtaniuliza: na Kuwait je? Swali zuri. Kuwait ilivamiwa Agosti 1990, na wavamizi walipofukuzwa mwaka uliofuata waliacha visima zaidi ya 600 vikiwaka moto. Hata hivyo nchi ilisimama upesi. Lakini angalieni vizuri: visima vinavyowaka havijengi kitu. Kilichoijenga Kuwait ni akiba iliyokwisha kuwekwa nje ya nchi kabla ya vita, na dola lenye makarani waliojua akiba hiyo iko wapi.

Narudi Nakivale. Makazi haya yalianzishwa mwaka 1958 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Rwanda, na leo wengi wa wakazi wake ni Wakongomani, wengi wao kutoka Kivu. (Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe: Uganda imeuchukua msemo huu karibu kama sera, kwa kuwa humpa mkimbizi kipande cha kulima. Nao mgao wa chakula umepunguzwa mara kadhaa tangu 2020.) Juni 2022 M23 waliteka Bunagana. Mwezi uliofuata serikali ya Kinshasa ilinadi vitalu 27 vya mafuta, vingine vikigusa hifadhi ya Virunga. Watu wa Rutshuru walikuwa njiani na magodoro kichwani wakati ardhi ya jirani ikitafutiwa mnunuzi. Mnada huo ulifutwa Oktoba 2024. Sikuusikitikia hata kidogo. Mahali pasipo mahakama wala mkaguzi wa hesabu, kisima kingekuwa kituo kimoja zaidi cha kupigania.

Uganda nayo haina budi kujiuliza. Mafuta yake yalithibitishwa mwaka 2006, na bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, linapita Rakai, jirani wa Isingiro. Sheria ya 2015 imeunda Mfuko wa Petroli. Huo ni mwanzo mwema, ila mikataba na kampuni zinazochimba raia wa kawaida hajaisoma.

Zoezi la wiki hii. Someni ibara ya 58 ya Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, inayosema Wakongomani wote wana haki ya kufaidi utajiri wa taifa, kisha ibara ya 244 ya Katiba ya Uganda, inayoyaweka mafuta mikononi mwa serikali kwa niaba ya Jamhuri. Elezeni kwa sentensi kumi tofauti kati ya "kufaidi" na "kwa niaba ya", na mwandike ni nani, katika kila nchi, anayepaswa kuwaonyesha hesabu mkizidai.