Moyo Umejuaje Upande Wake?

Juma hili twendeni sote Kibirizi, pwani ya Ziwa Tanganyika, kaskazini kidogo ya mji wa Kigoma. Ni asubuhi. Mitumbwi imerudi kutoka kuvua usiku, na akina mama wanaanika dagaa. Pembeni mama mmoja anapasua migebuka. Mtazameni. Hapapasi wala hatafuti. Kisu chake kinajua ini liko wapi na nyongo iko wapi, kwa sababu mgebuka wa leo amepangwa ndani kama mgebuka wa jana.

Na sisi vivyo hivyo. Moyo wa mtu umeelekea kushoto, na ini liko kulia. Lakini mtoto alipoanza tumboni mwa mama yake alikuwa chembe moja tu ya mviringo, isiyo na kulia wala kushoto. Basi moyo umejuaje upande wake?

Upande si jambo dogo katika uhai. Katika ziwa letu hili wako samaki wadogo wanaokula magamba ya samaki wenzao. Mwaka 1993 mtaalamu wa Kijapani, Michio Hori, alieleza kwamba baadhi yao wana mdomo uliopinda kulia na wengine uliopinda kushoto. Wa kulia huvizia ubavu wa kushoto wa mwenzao, na wa kushoto huvizia ubavu wa kulia. Huo ni upande wa nje, unaoonekana kwa macho. Leo nataka tuseme juu ya upande wa ndani, maana huo umekwisha kuvunja nyumba za watu. Mtoto akionekana moyo wake uko kulia, au akizaliwa na vidole sita, maneno huanza: mama alimcheka kilema, jirani ametupa jicho, ukoo wa mwanamke una laana. Tuone ukweli ulivyo.

Mwili umejengwa kwa chembe hai ndogo sana, ambazo watoto shuleni huziita seli. Seli nyingi za mwili zina kinyweleo. Hiki si unywele kama wa kichwani. Hakionekani ila kwa hadubini. Tazameni milimita moja kwenye rula ya mtoto: ingehitaji vinyweleo kama 200, kimoja mbele ya kingine, ili kuijaza. Wataalamu huviita silia. Viko vinavyocheza kama makafi. Ndivyo vinavyofagia makohozi na vumbi vitoke kifuani. Na viko visivyocheza. Hivyo kazi yake ni kuhisi na kupokea habari.

Mwaka 1998 wataalamu wa Japani, Shigenori Nonaka na Nobutaka Hirokawa na wenzao, walichunguza mimba changa ya panya. Waliona kishimo kidogo chenye majimaji, na ndani yake vinyweleo kama 200, kila kimoja kikizunguka kama mara 600 kwa dakika. Vyote vilizunguka kwa upande mmoja, na baadaye ilionekana kwamba vimeinama kidogo kuelekea mkiani. Kwa sababu hiyo maji hayakuzunguka ovyo, bali yalitiririka kwenda kushoto.

Mkondo huo wafaa nini? Mvuvi anajua. Akiteremsha mshipi majini usiku wa giza, haoni kitu, lakini kidole chake kinahisi maji yanavuta upande gani. Ukingoni mwa kishimo kile viko vinyweleo visivyocheza, navyo ni kama mshipi wa mvuvi. Vinauhisi mkondo, na seli za upande wa kushoto zinapeana habari: “Huku ni kushoto.” Habari ikisambaa, moyo hujikunja upande wake, na tumbo na ini hushika nafasi zao.

Mwaka 2002 Nonaka na wenzake waliligeuza jambo hili kuwa jaribio. Waliweka mimba changa za panya katika maji waliyoyaendesha kwa nguvu kwenda kulia. Kumbe! Pande za miili ile zikageuka. Hivyo ilidhihirika kwamba ni mkondo wenyewe unaoamua. Katika samaki kadhaa waliochunguzwa pia kimeonekana kifuko kidogo karibu na mkia, ndani ya yai, chenye vinyweleo vinavyofanya kazi hiyohiyo.

Kwa binadamu ushahidi ulitoka hospitalini. Mwaka 1933 daktari mmoja wa Zürich, Uswisi, jina lake Kartagener, aliandika juu ya wagonjwa ambao moyo wao ulikuwa kulia, na tena walisumbuliwa daima na kikohozi na mafua. Moyo na mafua vina udugu gani? Jibu lilipatikana mwaka 1976, wakati Afzelius wa Sweden alipoonyesha kwamba vinyweleo vya wagonjwa wa namna hiyo havichezi vyema. Kifuani makohozi hayafagiwi. Tumboni mwa mama mkondo haukuwapo. Na mkondo usipokuwapo, mwili unakuwa kama mtumbwi usio na kafi: waweza kuangukia upande wowote. Ndiyo maana karibu nusu ya watu wenye maradhi hayo wana moyo kulia, na nusu wana moyo kushoto kama sisi.

Vidole navyo vina habari yake. Mkono unapoumbwa, seli hutumiana ujumbe juu ya hesabu ya vidole, na ujumbe huo hupitia kwenye vile vinyweleo visivyocheza. Njia hiyo ikiharibika, vidole vyaweza kuzidi. Lakini msiogope ovyo: kidole kidogo cha sita kando ya kile cha mwisho ni jambo la kawaida kwetu Waafrika, na mara nyingi si dalili ya ugonjwa wowote.

Sasa, wazazi, pimeni wenyewe. Upande wa moyo hupangwa katika juma la tatu hivi la mimba, wakati akina mama wengi hawajajua hata kama ni wajawazito. Mama huyo alimcheka nani? Na maradhi haya ya vinyweleo mara nyingi hurithiwa kwa baba na mama pamoja, kila mmoja akiwa ametoa sehemu yake, nao wenyewe wazima kabisa. Ndiyo sababu hatari huzidi wanapooana ndugu wa karibu. Basi mume anayemrudisha mke kwao kwa ajili ya mtoto kama huyo, na ajue kwamba huenda nusu ya urithi ule ni yake.

Yafuatayo ndiyo ya kufanya. Mtoto akipata taabu ya kupumua mara baada ya kuzaliwa, akawa na mafua kila siku na kikohozi cha makohozi kisichokwisha, mpelekeni hospitali. Huenda ni vinyweleo, huenda ni kifua kikuu, huenda ni jambo jingine. Kila moja lina matibabu yake. Mtu ambaye viungo vyake vyote vimegeuka, kila kimoja upande wa pili, mara nyingi huishi maisha yake yote bila taabu. Lakini ikiwa vingine vimegeuka na vingine havikugeuka, moyo waweza kuwa na kasoro, na yafaa daktari auchunguze mapema. Waambieni waganga wote wanaomtibu, tena iandikwe kwenye kadi yake, maana maumivu ya kidole tumbo, ambayo kwetu huja kulia, kwake yatakuja kushoto. Na kidole cha sita kisikatwe nyumbani kwa wembe wala kufungwa uzi; pepopunda na kutoka damu vimeua watoto wachanga.

Jioni hii, baada ya chakula, kunjeni karatasi iwe kama bomba, na watoto wasikilizane mioyo, kwanza kushoto, kisha kulia. Watu wenye moyo kulia ni wachache, kama mmoja katika kila 10,000. Mkimkuta mmoja, msipige kelele wala kumwita jirani aje kushangaa. Kesho yake mpelekeni kwa daktari, baba na mama pamoja.

Hadi juma lijalo.