Uvundo wa kabati hautolewi kwa marashi

Masika ya pwani huanza Machi na kuendelea hadi Mei, na katika miezi hiyo makabati mengi kuanzia Lamu hadi Mtwara hunuka namna moja. Kanzu iliyofuliwa, ikaanikwa, ikapigwa pasi, hutolewa baada ya wiki tatu ikiwa na uvundo. Viatu vya ngozi vimeota ukungu wa kijani. Hapo lawama huanza: mke ataambiwa hajui kutunza nguo, dada wa kazi ataulizwa alitumia sabuni gani, na jioni mtu atarudi na pakiti ya naftalini na chupa ya marashi.

Lawama hizo humwangukia asiyehusika. Uvundo unatokana na maji, na mara nyingi maji hayo hayakuletwa na nguo.

Mbegu za kuvu zimo hewani kila mahali, hata katika nyumba inayopigwa deki mara mbili kwa siku. Zinachosubiri ni unyevu. Unyevu wa hewa ukikaa juu ya asilimia 60 au 70 kwa muda, na hewa yenyewe haitembei, kuvu huota na kuanza kula vumbi, jasho lililobaki kwenye kola, gundi ya ubao na hata pamba ya nguo. Zikila, hutoa gesi, na gesi hizo ndizo pua inazozinusa. Moja ya kemikali zinazohusika, jeosmini, ndiyo hiyo hiyo inayoupa udongo harufu yake mvua za kwanza zinaponyesha. Shambani inapendeza, kwenye suti ya harusi ni balaa. Wala si suala la pua peke yake: mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaohusisha unyevu na kuvu za ndani ya nyumba na pumu na matatizo mengine ya kupumua.

Naftalini haihusiki hapa kabisa. Kazi yake ni kuua nondo, wale wadudu wanaotoboa sufi, unyevu haiugusi. Nguo hutoka na harufu mbili badala ya moja. Kuna jambo zito zaidi. Watu wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, upungufu wa kurithi ulioenea zaidi katika nchi zenye malaria, wanaweza kuvunjikiwa chembe nyekundu za damu wakiathiriwa na naftalini, na wako watoto wachanga waliougua baada ya kuvikwa nguo au kufunikwa blanketi zilizohifadhiwa nayo. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku vidonge vya naftalini mwaka 2008. Kwetu vingali vinauzwa barabarani, vinawekwa hadi kwenye masinki ya hoteli, na mara nyingi hakuna anayemuuliza mnunuzi kama nyumbani kuna mtoto.

Udi na ubani ni habari nyingine, na hakuna mtu wa pwani atakayekubali kuachishwa. Nguo iliyofukizwa ina heshima yake. Lakini mafukizo ni pambo la nguo iliyokwisha kukauka. Ukifukiza yenye unyevu, ukungu unaendelea na kazi yake chini ya harufu nzuri.

Swali linalostahili kuulizwa ni kabati limeegemea nini. Katika nyumba nyingi mpya, kabati la kujengea la chumba cha masta huwekwa kwenye ukuta wa bafu, kwa sababu ndiyo nafasi iliyobaki kwenye ramani. Bomba likivuja kidogo tu ndani ya ukuta, ubao wa nyuma hunywa maji miezi kadhaa kabla mtu hajajua. Ubao wenyewe siku hizi ni chipbodi au MDF, yaani unga na vipande vya mbao vilivyoshikwa kwa gundi, na vikilowa huvimba visirudi. Kiyoyozi nacho kina mchango wake: hupoza ukuta, kisha hewa ya joto yenye mvuke ikiugusa hutoa jasho. Matundu ya hewa yaliyokuwa juu ya madirisha ya nyumba za zamani yamezibwa au hayajengwi tena.

Wazee waliojenga Mji Mkongwe wa Zanzibar walitumia matumbawe na lipu ya chokaa, kuta nene zinazonyonya unyevu na kuutoa tena. Wahifadhi wa majengo hayo wamelalamika kwa miaka kwamba lipu ya saruji inayopakwa juu yake hufungia maji ndani ya ukuta. Wapo wanaoiita lipu hiyo ukarabati.

Kwa kabati lililokwisha kunuka, toa kila kitu. Fua nguo na uzianike juani, si kivulini. Futa mbao kwa maji ya sabuni au siki, na usichanganye siki na jiki kamwe, maana hutoa gesi ya klorini yenye sumu. Acha milango wazi siku mbili huku feni ikipuliza. Kabati la kusimama lisogezwe kutoka ukutani upana wa kiganja na kuinuliwa kidogo sakafuni; la kujengea, fundi seremala alitoboe matundu chini na juu, kazi ya muda mfupi. Mifuko ya nailoni ya dobi itupwe. Mkaa na magadi vinasaidia kunyonya harufu katika sanduku dogo, lakini mbele ya ukuta unaovuja havina ubavu.

Wapangaji wana sababu zaidi ya kuwa makini, hasa Dar es Salaam ambako wengi hudaiwa kodi ya miezi 3 au 6 mbele. Kabla ya kutoa fedha, fungua kabati, nusa, kisha bonyeza kiganja kwenye ubao wa nyuma. Ukikuta kona moja tu imepakwa rangi mpya, uliza kwa nini. Bomba linalovuja ndani ya ukuta ni gharama ya mwenye nyumba, na afadhali hilo liandikwe kwenye mkataba wakati funguo bado ziko mkononi mwake.