Mgeni Njoo, Mwenyeji Yuko Wapi?

Kwa Kiswahili, samaki asiye wa baharini ni samaki wa maji baridi, hata kama kavuliwa Ziwa Turkana saa saba mchana jua likiwa utosini. Kwa wengi wao hilo ni jina la heshima tu. Anayelistahili hasa ni mgeni: trauti wa kahawia, Salmo trutta kwa wanasayansi, samaki ambaye maji yakipita nyuzi 20 huanza kutaabika na yakikaribia 25 hufa. Anataka mto wa mlimani unaokimbia, wenye kivuli na changarawe safi, na akiukosa haishi. Toleo hili ni lake kwa sehemu. Sehemu kubwa zaidi ni ya wale aliowakuta.

Trauti hakuja kwa miguu. Mwaka 1905 Ewart Grogan, mlowezi aliyependa makuu, aliagiza mayai yake kutoka Loch Leven, Scotland, na vifaranga wakaachiwa katika Mto Gura, milima ya Aberdare. Reli ilikuwa imefika Ziwa Victoria miaka minne tu nyuma yake. Koloni lilikuwa bado halijajua litajiendesha kwa fedha gani, lakini mayai ya samaki yalishapata nauli. Ujuzi wa kuyasafirisha haukuwa mpya: mwaka 1864 mayai ya trauti yaliyovuka bahari kwa meli iitwayo Norfolk yalikuwa yamefika Tasmania yakiwa hai, yamelazwa kwenye kuvumwani ndani ya barafu, na miaka mitatu baadaye uzao wa huko ukapelekwa New Zealand. Popote Mwingereza alipoona mto wenye baridi aliona upungufu, na upungufu huo aliujaza kwa samaki wa kwao.

Si kwamba walikosa kitoweo. Trauti alitakiwa kwa mchezo. Mvuvi wake husimama mtoni na fimbo ndefu, na chambo chenyewe ni cha uongo: nyoya na uzi vilivyofungwa kwenye ndoana vikafanana na nzi. Kwa ajili ya mchezo huo zikawekwa leseni, kambi za uvuvi, kanuni za ukubwa na idadi ya samaki wa kuchukua, na baadaye kituo cha kuzalisha vifaranga pale Kiganjo, karibu na Nyeri. Trauti wa upinde wa mvua akafuata kutoka Afrika Kusini, na wageni hao wakasambazwa mpaka kwenye mito ya Kilimanjaro. Hakuna kiumbe wa mito ya milimani aliyewahi kupata watumishi wengi kiasi hicho.

Nampa haki yake. Ukimtazama akizaa huwezi kumdharau. Jike hulala ubavu, akapigapiga changarawe kwa mkia mpaka shimo litokee. Hutaga, dume akamwaga mbegu, kisha jike husogea kidogo mbele, dhidi ya mkondo, na kuchimba tena. Changarawe inayotoka shimo la pili ndiyo inayofunika mayai ya shimo la kwanza. Mayai hayo hupumua kwa maji yanayopita katikati ya mawe. Udongo ukiteremka kutoka shamba lililolimwa mpaka ukingoni, nafasi zile huzibika na mayai hufa bila kelele. Kwa hiyo mpenzi wa trauti, apende asipende, ni mtetezi wa msitu, na Aberdare imenufaika na watetezi wa aina hiyo.

Na kwao, trauti ni mwenyeji kwelikweli. Katika mito ya Scotland kuna kome wa lulu ambaye mabuu yake hayawezi kukua bila kujishikiza kwenye matamvua ya samaki mchanga, ama trauti ama salmoni. Hukaa humo mpaka majira yanayofuata, kisha hudondoka na kujichimbia kwenye changarawe, na aliyefanikiwa anaweza kuishi zaidi ya miaka 100. Lulu za mito ile ziliwapamba watu wakubwa kwa karne nyingi, na zote zilianzia kwenye shavu la samaki ambaye hakuulizwa kama ana nafasi. Samaki huyohuyo, akihamishiwa kwa watu, hageuki mwovu. Anakula kilicho mbele yake. Tatizo ni kwamba aliyempeleka hakuwa ametazama kilicho mbele yake.

Mito ya juu ya Aberdare ilisemwa kuwa ni mitupu. Wagikuyu kwa desturi hawakuwa wala samaki, walowezi walihesabu samaki wa kuchezea tu, basi pande zote mbili hapakuwa na mtu wa kuandika nani anaishi mle. Samaki wa asili kule juu ni wachache kweli. Lakini mto usio na samaki hauwi mtupu. Una vyura, una mabuu ya wadudu chini ya kila jiwe, una kaa.

Huyu kaa ndiye ninayetaka tumkalie kidogo, kwa sababu yeye mwenyewe hakai. Ni kaa wa maji baridi, wa jenasi Potamonautes, hudhurungi, gamba lake halifiki upana wa kiganja, na mtoto yeyote aliyelelewa kando ya kijito cha mlimani ameshamfinya au kafinywa naye. Katika mito ya Nyanza, miaka ya 1940, watu walikuwa wakipofuka kwa usubi, ugonjwa unaoenezwa na nzi mdogo mweusi, Simulium neavei. Nzi mzima alijulikana. Mabuu yake hayakuonekana. Yalitafutwa kwenye mawe, kwenye majani, kwenye mizizi inayoning'inia majini, kote ambako mabuu ya jamaa zake hupatikana, bila mafanikio. Mwaka 1946 dawa ya DDT ikamwagwa mtoni huko Kodera na nzi akatoweka, kabla haijajulikana mabuu yake yalikuwa yakikaa wapi.

Yalikuwa yakikaa juu ya kaa. Jambo hilo lilitangazwa mwaka 1950 na van Someren na McMahon katika jarida la Nature: mabuu yameng'ang'ania gamba la kaa, yanasafiri naye, yanakula kinacholetwa na mkondo. Kaa hadhuriki, ni usafiri tu. Na huyo V. D. van Someren si mwingine ila yule aliyetoa, mwaka 1952, kitabu cha serikali kuhusu biolojia ya trauti katika koloni la Kenya. Tazama ratiba hiyo. Trauti alikuwa na miaka 45 ya kulelewa, kupimwa na kuandikiwa kanuni ndipo mtu akamgeuza kaa na kutazama amebeba nini. Mvuvi wa Aberdare alikuwa na nzi wa kubuni mkononi. Nzi wa kweli alikuwa Nyanza, anapofusha watu, na ufunguo wa maisha yake uko mgongoni mwa mnyama ambaye hakuwa na leseni, kambi wala kituo.

Watu wa usubi walipona kwa sababu sumu ilifika palipotakiwa bila kujua palipotakiwa. Bahati ya namna hiyo haiji mara mbili, na sumu yenyewe haikuchagua wa kuua.

Mambo ya wageni wengine nayapitia haraka, kwa kuwa msomaji wetu anayajua. Ziwa Victoria lilipewa sangara, yule anayeitwa mbuta upande wa Kenya, miaka ya 1950. Mwaka 1960 mtaalamu Geoffrey Fryer aliandika kuonya kwamba asiingizwe, na hoja zake zilikuwa nzito; mgeni anayejadiliwa sebuleni alikuwa ameshalala chumbani. Furu, samaki wadogo wa mamia ya spishi ambao hawapatikani popote pengine duniani, wakaporomoka katika miaka ya 1980, na wengi hawakuonekana tena. Mgeni alileta viwanda vya minofu, ajira na fedha za kigeni, hilo nalo ni kweli, na mama mwenye kibanda cha kukaangia mapanki ana haki ya kuuliza furu walimlisha nani. Jibu ni kwamba walimlisha bibi yake.

Naivasha inasikitisha zaidi kwa sababu haina kelele. Samaki wa asili wa ziwa lile alikuwa mmoja tu, mdogo kuliko kidole, na mara ya mwisho kuonekana ni mwaka 1962. Kila samaki anayeuzwa leo pale ufukweni, awe perege, besi au kapu, ana asili ya kuletwa. Hata kamba wapo, wekundu, wa Louisiana, walioingizwa mwaka 1970. (Ukimwambia mtu wa Mombasa kwamba Naivasha kuna kamba atadhani unampiga kamba.) Ziwa zima sasa ni la wageni, na wenye nyumba hakuna wa kuwauliza.

Tusijifanye wasafi. Katika orodha ya Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi, IUCN, ya spishi vamizi 100 zilizo mbaya zaidi duniani, trauti wa kahawia yumo, sangara yumo, na yumo pia perege wa Msumbiji, mtoto wa nyumbani, aliyepelekwa Asia na visiwa vya Pasifiki kwa nia njema ya kulisha watu. Kila bara lina mgeni wake mahali fulani anayekula watoto wa mwenyeji.

Na kuna wakati mwenyeji mwenyewe anageuzwa mgeni. Chura wa Kihansi, mwenye urefu wa sentimita mbili hivi, anayezaa watoto badala ya kutaga mayai, alikuwa akiishi kwenye manyunyu ya maporomoko ya Mto Kihansi, Tanzania, na pengine popote hayupo. Alijulikana kwa sayansi mwaka 1996. Mwaka 2000 bwawa la umeme likaanza kazi, maji yakageuzwa njia, manyunyu yakakatika. Ikabidi vyura 499 wapandishwe ndege kwenda Bronx, New York. Mabomba ya kunyunyizia yakafungwa bondeni, kuvu hatari wa vyura akaingia, na mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini ametoweka. Wajukuu wa wale wakimbizi walirudi Dar es Salaam mwaka 2010 na kuanza kurudishwa bondeni miaka miwili baadaye. Ni kazi ya kupongezwa. Lakini hesabu gharama ya ndege, maabara, mabomba na miaka, kisha ulinganishe na gharama ya kuutembelea mto na daftari kabla ya kumwaga zege.

New Zealand walifanya kichekesho kikubwa zaidi. Walikuwa na samaki wao wa mtoni aliyeitwa grayling, aliyekuwa akivuliwa kwa wingi katika karne ya 19. Akapungua, trauti akiwa mmoja wa washukiwa pamoja na ukataji wa misitu, na kufikia miaka ya 1930 hakuonekana tena. Sheria ya kumlinda ikapitishwa mwaka 1951.

Msimamo wa jarida hili ni huu. Trauti abaki Gura na kote alikokwishazoea. Kumfukuza baada ya miaka zaidi ya 100 ni ndoto, na sehemu nyingi ni uhasama usio na faida. Ila asipandishwe tena kwenye kijito kipya hata kimoja mpaka kijito hicho kikaguliwe: kaa gani wamo, vyura gani, samaki gani wa asili, mabuu gani. Na ukaguzi huo ulipiwe na ada ya leseni za kumvua yeye. Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu amekaa zaidi ya karne akila kwa mkono wa mwenyeji, na jembe lake ndilo hilo. Kanuni hiyohiyo imhusu perege wa kufugwa, ambaye vifaranga wake wanabebwa kwenye mifuko ya plastiki kutoka bonde hadi bonde bila mtu kuuliza wanaenda kukutana na nani. Kwa kweli yeye ananitia hofu kuliko trauti, kwa kuwa trauti hawezi kushuka tambarare. Huyu anaweza, na kila mradi wa mabwawa unampenda.

Watakaosema hakuna wataalamu wa kutosha wanasema kweli. Mtaalamu wa kaa wa maji baridi Afrika Mashariki ni adimu kuliko kaa mwenyewe. Lakini wavuvi wapo, wachota maji wapo, watoto wa shule wapo, na majina ya wanyama hawa yamejaa katika Kigikuyu, Kiluo, Kichaga, Kihehe na Kishambaa bila kuandikwa popote.

Basi tunawaomba wasomaji. Piga picha ya kaa, chura au samaki mdogo wa mto wa kwenu akiwa kando ya sarafu ili ukubwa wake uonekane. Andika jina la mto na la kijiji cha karibu, mwezi uliomwona, na jina ambalo wazee wa hapo humwita. Kisha mrudishe majini palepale ulipomtoa, usimpeleke mto mwingine. Tutakachopokea tutakichapa katika toleo lijalo, mto kwa mto, na nakala tutaipeleka idara za uvuvi za Kenya, Tanzania na Uganda.