Bukoba Tukipewa Mwaka, Nani Atapanda Jukwaani?

Leo tusafiri na maji. Ukitupa kijiti pale daraja la Kyaka, kijiti hicho kina safari ndefu. Kagera inaingia Ziwa Victoria, ziwa linatokea Jinja likiitwa Nile, na Nile inakata mbuga mpaka Khartoum. Kwa hiyo watu wa Khartoum ni majirani zetu wa maji.

Sasa majirani hao mwaka 2005 walivishwa taji: Mji Mkuu wa Utamaduni wa Kiarabu. Mpango huo wa nchi za Kiarabu na UNESCO ulianzia Cairo 1996, na miji hupokezana. Mwaka 2006 ikawa zamu ya Muscat, kule waliko ndugu zetu wanaomwaga Kiswahili kama wako Darajani. Mji ukipata mwaka wake ni muziki, vitabu na maonyesho. Raha mstarehe!

Ila Khartoum mwaka ule ilikuwa na mawili kwa mpigo. Januari 9, kule Nairobi, serikali na wapiganaji wa Kusini wa John Garang walitia saini kumaliza vita ya zaidi ya miaka 20. Julai 9 Garang akaapishwa Khartoum kuwa makamu wa kwanza wa rais, watu wakafurika. Wiki tatu baadaye akafa kwa ajali ya helikopta, mji ukawaka ghasia.

Hebu fikiria. Mji una Wadinka, Wanuer, Wanubi na Wafur, kila mmoja na lugha yake, halafu taji linataja Waarabu tu. Waarabu wana haki ya kusherehekea chao, hilo halina ubishi. Lakini mtu asiyejiona kwenye sherehe ataiitaje yake? Mwaka 2011 Kusini wakachukua nchi yao. Chanzo hakikuwa taji, ila taji nalo halikuwaunganisha. Na vita ilipozuka Aprili 2023, Makumbusho ya Taifa yaliyo kando ya Nile yakaporwa.

Haya, turudi nyumbani. Tuseme Bukoba tumepewa mwaka wetu. Najua manshomile watagombania kipaza sauti kabla hata jukwaa halijafungwa! Omutoro utachezwa, nanga itapigwa, senene watakaangwa. Safi. Je, Wanyambo wa Karagwe, Wahangaza wa Ngara na Wasubi wa Biharamulo watapanda, au watakaa nyuma kupiga makofi? Na wavuvi wa Bumbire na Goziba, visiwa vya Muleba, waliotoka kila kona ya ziwa, kadi zao zitaandikwa na nani? Kumbuka pia kwamba kanzu tunayovalia koti kwenye harusi ilitufikia kutoka pwani. Hakuna utamaduni uliofika peke yake.

Na wewe kijana wa mjini usisubiri taji. Mwaka 2001 Saida Karoli alitamba na Kihaya chake mpaka Dar, wakacheza hata wasioelewa neno. Hakupewa mwaka na mtu. Wikiendi hii panda gari uende Kamachumu, umtafute mzee anayepiga nanga, umrekodi kwa simu hiyo hiyo unayopigia selfi. Muulize na maana ya maneno. Wazee wakiondoka na nyimbo zao, jukwaani tutapandisha spika tupu.