Kutii Kwanza, Uhodari Unafuata



Katika vikundi vyetu tunasikia mara nyingi mama akisema: "Ningependa kusema ukweli, lakini sina uhodari." Tunasema hivyo kana kwamba uhodari ni kitu ambacho wengine walizaliwa nacho na sisi tukakikosa. Juma hili tufungue kitabu cha Kutoka, sura ya 1. Hapo tunakutana na wamama wawili, Shifra na Pua. Kazi yao ilikuwa kuzalisha.

Farao aliwaamuru waue kila mtoto mwanamume wa Waebrania wakati wa kuzaliwa. Hawakufanya hivyo. Tuangalie vizuri: Biblia haituambii kwamba walikuwa wamama wenye moyo wa simba. Inatuambia tu kwamba walimcha Mungu. Hawakubeba silaha wala hawakupiga kelele mbele ya jumba la mfalme. Waliendelea na kazi yao ya kila siku: kupokea mtoto, kumsafisha, kumpa mama yake. Uhodari wao ulikuwa ndani ya kazi ile ile waliyoijua.

Sisi walimu tunaona jambo hili darasani. Mtoto wa mwaka wa kwanza hangojei kwanza awe hodari ndipo aandike. Anaanza na mstari mmoja, kesho herufi moja, na baada ya miezi anaandika jina lake bila kutetemeka. Kumtii Mungu nako kunajifunzwa hivyo. Mama anayekataa kupunguza kipimo cha unga sokoni leo, ataweza kukataa jambo kubwa siku litakapokuja. Mzazi anayekataa kumnunulia mtoto pointi mwishoni mwa mwaka, hata kama jirani amenunua, anamfundisha mtoto huyo somo ambalo haliandikwi kwenye buletini.

Hapa kwetu Kongo tuna mfano wa karibu. Floribert Bwana Chui alikuwa kijana wa Goma, mwenye kazi ya kuangalia ubora wa vyakula vinavyoingia mpakani. Walimletea pesa ili aache mchele ulioharibika upite. Alikataa. Mwezi wa Julai 2007 alitekwa na kuuawa, akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025, huko Roma, Kanisa Katoliki lilimtangaza kuwa mwenye heri. Kabla ya siku ile mbaya, alikuwa akiwahudumia watoto wa barabarani pamoja na wenzake wa jumuiya ya Sant'Egidio. Mtu aliyezoea kuwalisha watoto hawezi kwa urahisi kutia sahihi karatasi ya kuwapa sumu.

Tusidanganyane, basi. Shifra na Pua, Mungu aliwapa jamaa zao wenyewe. Floribert alipoteza maisha. Utii si biashara ya kutoa na kulipwa. Tunatii kwa sababu Mungu ni Mungu, na kwa sababu kuna mtoto ambaye atakula ule mchele.

Na kuna jambo lingine la kusema wazi. Mara nyingi sisi wanawake tunaambiwa "tii" na mtu anayetaka tunyamaze. Kumtii Mungu si kumtii kila mwenye nguvu. Wamama wale wawili walimtii Mungu kwa kukataa amri ya mfalme. Mama anayepigwa nyumbani, au binti anayeombwa mwili wake ili apate pointi au kazi, akisema hapana, hajamwasi Mungu. Wajibu wetu ni kusimama karibu naye.

Tena tukumbuke: walikuwa wawili. Mtu akiwa peke yake, woga unamshinda upesi. Ndiyo maana sanduku la akiba katika AVEC zetu lina kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa wamama watatu tofauti. Shemeji akija usiku kuomba mkopo nje ya sheria, mama mwenye ufunguo mmoja anaweza kumjibu kwa heshima: "Siwezi kulifungua peke yangu." Kikundi kimemsaidia kuwa mwaminifu.

Kwa mkutano wa juma hili, tunawaomba tufanye mambo mawili. Kwanza, tusome pamoja Kutoka 1, mistari ya 15 mpaka 21. Pili, kila mama amtafute mwenzake mmoja, amwambie jambo moja dogo ambalo anajua Mungu anamtaka alifanye, na ambalo analiogopa. Waombe pamoja. Juma lijalo waulizane: umefika wapi?

Bwana atutie nguvu sisi sote, pamoja na watoto wetu.